Mwongozo wa Mjomba Aliyeachiwa Watoto na Simu

Mwongozo huu ni wa mtu yeyote atakayefika Singida mjini likizo ya Juni kusalimia ndugu, akachinjiwa jogoo wa kienyeji, akashiba, kisha akaambiwa, "Pumzika kidogo, sisi tunakimbia msibani Ikungi, jioni tupo." Kabla vumbi la pikipiki halijatua, atajikuta yuko na watoto wanne na simu moja yenye bando. Asidanganyike na ukimya utakaofuata. Watoto wanne wakinyamaza robo saa nzima, ama wamelala, ama kuna mtu huko Marekani anaruka kutoka juu ya paa na wao wanachukua vipimo.

Ukiwa mtu wa taratibu utaanzia kwenye sheria, nazo zipo. Tangu 1976 tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, na Bodi ya Filamu ipo kazini. Wenzetu wa Kenya bodi yao inagawa alama za GE, PG, 16 na 18. YouTube nao wanataka mwenye akaunti awe amefikisha miaka 13, na wadogo waliwekewa programu yao tangu 2015, yenye katuni na nyimbo za herufi. Januari 2019 walikaza masharti kuhusu michezo ya hatari, siku zile watu walipokuwa wakijifunga vitambaa machoni kuiga filamu ya Bird Box, hadi kuna aliyeshika usukani wa gari haoni mbele.

Yote hayo ni mazuri, ila simu ni ya bibi. Akaunti yake ilifunguliwa na kijana wa kibanda cha simu, na kwa kuwa bibi si mtu wa kutangaza umri wake mbele ya foleni, kijana akakadiria mwenyewe: 1951. Kwa hiyo kule California wanajua kwamba mjini Singida yupo mama mtu mzima wa miaka sabini na kitu ambaye kuanzia saa nane mchana hadi betri ikate anapenda kuangalia watu wakizikwa hai. Wameshamzoea. Wanamtafutia nyingine.

Usitegemee pia lile onyo la mwanzo wa video, kwamba usijaribu nyumbani. Watoto wa dada yangu wanalijua na wanalitii kuliko unavyofikiri. Nilipomkuta mkubwa wa wavulana, wa miaka tisa, amesimama juu ya jiwe nyuma ya nyumba ya jirani, nikamkumbusha maneno ya mzungu wake, alinijibu kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni: "Amesema home, anko. Hapa si home. Hapa ni maweni."

Basi ushauri wangu ni huu: video usiikague. Iweke simu mezani, utoke nje, ukague ua. Tazama ni vitu gani vya ile video vinapatikana pale bila kununua. Kipimo hiki sijakisoma popote, nimekipata kwa kuchunika magoti ya watu wengine, na matokeo yake ya kwanza yatakushangaza: kadiri video ilivyogharimu fedha nyingi, ndivyo mtoto wako alivyo salama. Jimmy Donaldson, yule Mmarekani anayejiita MrBeast, ambaye Juni 2024 aliwapita T-Series wa India akawa na wafuatiliaji wengi kuliko chaneli zote za YouTube, Novemba 2021 aliigiza Squid Game na watu 456 wakigombea dola 456,000. Waache watazame. Watoto wa mtaa wetu wa Unyankindi hawana mahali pa kuwapata watu 456, na wakiwapata wote watataka chai.

Ogopa video ya bure. Agosti 2021 ulivuma mchezo wa kupanga kreti za maziwa kama ngazi, mtu anapanda upande huu na kushuka upande ule, kama atafika. Singida sijaona kreti za maziwa, lakini za soda zimejaa nyuma ya kila duka. Ongeza ndoo ya lita 20, kamba ya mbuzi, jembe, mwamvuli, na yale mawe ya mji huu yaliyopangana kama mikate, mengine makubwa kuliko nyumba za watu waliojenga pembeni yake. Halafu kuna upepo. Wageni hudhani upepo wa Singida ni hali ya hewa. Ni kifaa. Wawekezaji wa umeme wameupima kwa miaka, na watoto wameupima kabla yao, kwa magunia.

Nikupe mfano wa video niliyoipitisha kwa mikono miwili. Februari 2024 Ramadhani Brothers, vijana wetu wa sarakasi kutoka Dar es Salaam, Fadhili na Ibrahim, walishinda Marekani kwenye America's Got Talent: Fantasy League. Mmoja chini, mwingine juu miguu ikitazama mbinguni, kichwa juu ya kichwa, hakuna mkono unaogusa kitu. Nani atamnyima mtoto wa Kitanzania fahari hiyo? Niliirudia mara tatu nikipiga makofi. Nilichosahau ni kwamba binti wa miaka kumi na mmoja mle ndani hubeba ndoo ya maji kila jioni, na kwenye msumari nyuma ya mlango inaning'inia ngata yake ya kitenge kilichochakaa. Kuna mtoto wa kizungu ambaye angeiona video ile akasema haiwezekani. Huyu aliiona akasema shingo ninayo, ngata ninayo, kilichobaki ni mdogo wangu. Walifika hatua ya kumpindua mdogo mtu na kuuelekeza utosi wake kwenye ngata. Hao Ramadhani wamefanya mazoezi kwa miaka. Huyu alikuwa amefanya mazoezi tangu saa tisa.

Video ya kutisha sana ukiisikia tu inaweza kuwa haina neno. Mwaka 2017 huyo huyo Donaldson, akiwa bado hajulikani, alikaa mbele ya kamera akahesabu kuanzia moja hadi laki moja. Ilimchukua kama saa 40. Wapwa zangu waliiona kidogo, wakaona ni kazi inayowezekana, wakaanza kuhesabu alizeti za kilo mbili zilizokuwa zikisubiri kwenda kukamuliwa. Mchana mzima sikuwasikia. Walifika elfu moja mia moja na kitu, yakatokea mabishano kama mia tisa na tisini imetajwa mara mbili, na wakati wa mabishano kuku wakaingia kwenye ungo. Ndiyo burudani salama pekee niliyoishuhudia katika wiki mbili nilizokaa nao, na ndiyo pekee iliyowachosha.

Ile yenye mafunzo ndiyo iliyonifikisha pabaya. Novemba 2023 MrBeast alitoa video ya visima 100 alivyochimba Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Watu walimsifu, wengine wakauliza kwa nini kisima kisubiri mtu wa YouTube, na hoja zote mbili zina uzito wake. Mimi niliitazama na watoto kwa moyo mweupe. Mkoa huu unapata mvua ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Mtoto wa hapa hahitaji kuelezwa kisima ni nini. Kesho yake jembe, sururu na karai vilikuwa vimehamia nyuma ya choo.

"Tunachimba kisima, anko. Cha mia na moja."

Ungesema nini? Serikali nzima imeimba miaka yote kumtua mama ndoo kichwani, halafu mimi nimzuie mtoto anayetaka kumtua dada yake? Nikawatafutia na kamba. Sikujua kwamba mwezi ule ule wa Novemba MrBeast alitoa pia video ya kukaa siku saba ndani ya jeneza chini ya ardhi, na kwamba simu, ikimaliza moja, inaanzisha nyingine bila kuombwa. Siku ya tatu nilimkuta yule wa miaka sita amejikunja ndani ya shimo, karai limemfunika, na kaka yake anarudishia udongo kwa adabu kubwa. Walikuwa wamefikiria kila kitu. Kwenye tundu la pembeni walichomeka bua la jani la mpapai ili mzikwa apate hewa. Mwenyewe alikuwa akilipulizia kwa chini, na vumbi lilikuwa likitoka juu kama moshi wa treni.

Kilichomwokoa ni jiolojia. Shimo lilikuwa limefika magotini, sururu ikagonga mwamba, mwamba ukagoma. Mahali penye udongo laini au machimbo ya mchanga nisingekuwa na hamu ya kuandika kwa utani.

Na utani wenyewe una mpaka. Barabara ya Dodoma kwenda Mwanza inapita mjini, na malori yakifika kwenye matuta hupunguza mwendo hadi mtoto mwenye miguu myepesi anaweza kudandia kwa nyuma. Video za vijana wanaodandia, au waendesha pikipiki wanaolala kifudifudi juu ya tanki huku chombo kinakwenda, hazipimwi. Mtoto wa mahali penye tuta, lori na dakika tano za upweke ana vifaa vyote. Hapo zima simu, na kama atalia, alie.

Usinielewe kwamba zamani tulikuwa na busara. Shuleni kwetu walikuja watu wa mazingaombwe, mwalimu mkuu akatukusanya mstarini kwa kengele, tukalipa, tukamtazama mzee akitafuna wembe na kuumeza. Hakuna mzazi aliyeulizwa. Jumamosi tulikwenda kibanda umiza kumwona Jackie Chan. Huyu bwana ana desturi moja nzuri: mwisho wa filamu, majina yakipita, anaonyesha vipande vilivyoharibika, jinsi alivyokosea, alivyoanguka, alivyobebwa. Akitengeneza Armour of God huko Yugoslavia alianguka kutoka kwenye mti akapasuka fuvu. Mtu akiona hayo anapungukiwa na hamu. Sisi hatukuyaona hata siku moja, kwa sababu majina yakianza tu kupanda mwenye kibanda alikuwa akipiga ukuta kwa fimbo: toka, toka, wengine wanaingia. Tukatoka hadi kwenye mkwaju. Alama yangu iko juu ya nyusi ya kushoto.

Video za sasa zimemzidi mwenye kibanda. Ile fupi haina mwisho kabisa. Jamaa anaruka, hajagusa chini, inaanza upya, yuko juu tena, mzima. Mpwa wangu alikuwa ameshamwona mtu mmoja akiruka na mwamvuli kutoka kwenye ukuta labda mara hamsini, na katika mara zote hamsini hajaumia.

Ile ya mwamvuli bibi naye aliiona. Mama yangu hana subira na simu, lakini siku hiyo alivaa miwani, akaishika mbali kama anayesoma dawa, akatazama. Niliwahi kukaa kwenye warsha za malezi zenye chai na vitafunwa nisisikie swali kama alilouliza.

"Huyu anayempiga picha, mbona hamkatazi?"

Watoto wakacheka. Mimi nikaeleza kwamba huenda ni rafiki yake, huenda wamejipanga, huenda chini kuna godoro ambalo halionekani. Nilieleza vizuri sana. Bibi akasema, "Kwa hiyo yupo mtu mzima," akanirudishia simu, akaenda kuchambua mchele.

Nikushauri sasa kuhusu hatari moja ambayo hakuna bodi wala programu itakayokukinga nayo. Mtoto hatakuomba ruhusa ya kuruka. Atakuomba msaada mdogo, wa kitaalamu. Atakuambia, "Anko, wewe simu yako ina kamera nzuri." Utajiambia jiwe lenyewe ni fupi, halifiki hata dirishani. Utajiambia afadhali afanye mbele yangu. Utamwelekeza asogee kidogo kushoto, jua lisimpige mgongoni. Upepo wa saa kumi utakuwa umeamka.

Mwamvuli wa bibi, mweusi, wa kanisani, ulipinduka ukawa bakuli hata kabla miguu haijaacha jiwe. Kijana aliteremka kwa kidevu. Nilikimbia, nikamwosha, nikamfunga kipande cha khanga, nikazificha njiti za mwamvuli chini ya kitanda. Simu yangu niliisahau mezani.

Wakubwa waliporudi, bibi aliishika kutafuta namba ya mtu. Ikacheza yenyewe: sekunde kumi na moja, jiwe, anga, vuuu la upepo, mwamvuli, kishindo. Akatazama bila kusema kitu. Akairudisha mwanzo, akaisogeza sikioni, akafumba macho. Kabla ya kishindo kuna mtu anahesabu kwa sauti nzito yenye furaha: moja, mbili, na tatu!

"Hii sauti ya nani?"

Mpwa wangu, kidevu kikiwa kimevimba kama andazi, ndiye aliyewahi kujibu.