Yah: Maombi ya Mpangaji wa Ghorofa ya Pili Kusajiliwa Kama Chombo cha Majaribio

Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA),
Washington, D.C.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mswahili niliyehamia nchini kwenu, na nimepanga ghorofa ya pili karibu na uwanja mdogo wa ndege ambao kila kiangazi huandaa maonyesho. Nimezisoma kanuni zenu kwa makini ya mtu aliyekwisha kulipa kodi ya pango mpaka mwisho wa mwezi na ambaye angependa kuufikia huo mwisho wa mwezi. Nimezielewa, na ndiyo maana naleta ombi.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, raia mwenye fedha zake anaruhusiwa kununua ndege ya kivita iliyostaafu jeshini. Itang'olewa bunduki, itapewa namba inayoanza na herufi N, kisha mtampa mwenyewe cheti cha kundi la majaribio, fungu la maonyesho. Humo kwenye kundi la majaribio ndimo zilimo MiG-15, ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1947 na kupigana Korea miaka mitatu baadaye. Zimo MiG-17 na MiG-21. Zimo L-39 za Chekoslovakia, ambazo zimefundisha marubani kuanzia Prague hadi Uganda. Nawapongeza kwa subira yenu. Jaribio lililoanza enzi za Stalin, taasisi nyingine ingekuwa imeshatoa majibu.

Mnamtaka pia mwenye ndege aandike karibu na mahali pa kuingilia kwamba chombo hiki ni cha majaribio, kwa herufi zisizopungua inchi 2 wala kuzidi 6. Hapo ndipo nilipopata wazo. Maandishi hayo yanamtazama anayepanda, ambaye ndiye mtu pekee katika mkoa mzima asiyehitaji kuambiwa. Ndege aliinunua mwenyewe, mafuta anatia mwenyewe, na L-39 humaliza zaidi ya lita 400 kwa saa, kwa hiyo habari anayo. Sisi tulio chini hatuna herufi hata moja. Naomba nami nibandikwe zangu, za inchi 6 kama hamtajali, kwa sababu ndani ya hilo jaribio nami nimo. Sikuwahi tu kujaza fomu.

Najua ombi lisilo na viambatisho hurudishwa, kwa hiyo naambatisha historia.

Jumapili ya tarehe 24 Septemba 1972, katika uwanja wa Sacramento Executive, California, maonyesho ya ndege yalikuwa yanaendelea. F-86 Sabre iliyokuwa mali binafsi ilikimbia kwenye njia ya kurukia, rubani akaiinua pua kupita kiasi, ikashindwa kupaa. Nje ya uwanja ipo barabara ya Freeport, na ng'ambo ya barabara lilikuwapo duka la aiskrimu la Farrell's. Siku za mwisho wa wiki duka la namna hiyo hujaa nani? Walikufa watu 22, na 12 kati yao walikuwa watoto. Rubani alipona. Ndege ya aina ile alikuwa ameirusha kwa saa zisizofika 4 maishani mwake. Baada ya msiba huo mlikaza kanuni za ndege hizi kupita juu ya makazi ya watu, jambo ninalolishukuru bila kejeli yoyote. Ila nimetafuta ndani ya makundi yenu yote, na bado sijaona waliokuwa kwenye foleni ya aiskrimu wanasajiliwa kundi gani.

Kiambatisho cha pili kina nafuu. Jumapili ya tarehe 13 Agosti 2023, kwenye maonyesho ya Willow Run, Michigan, MiG-23 ya viti viwili ilikosa nguvu ya injini ikiwa hewani mbele ya umati. Ripoti ya awali ya wachunguzi inasimulia kisa ambacho mwandishi wa vichekesho angeona haya kukitunga. Rubani alikuwa bado anatafuta tatizo liko wapi. Mwenzake wa kiti cha nyuma akasema sasa tutoke. Rubani hakuwa tayari, lakini viti vyote viwili vikafyatuka, mabwana hao wakashuka kwa miavuli mpaka ziwa Belleville, wakiwa hai. Ndege, ikiwa haina mtu, ikaendelea na safari na kuangukia maegesho ya magari ya nyumba za kupanga. Magari yaliyogongwa hayakuwa na mtu ndani, na hakuna mpangaji aliyeumia.

Alhamdulillahi. Lakini nimeisoma taarifa hiyo kwa jicho la mpangaji, Ndugu Mkurugenzi. Ndege ilikuwa na viti viwili vya kufyatuka. Jengo halikuwa na hata kimoja.

Msinielewe vibaya, sina chuki na ndege. Siku ya maonyesho nami hutoka roshani na kikombe changu cha chai kama watu wengine. L-39 ikikaribia, vikombe vilivyobaki kabatini huanza kulia kabla masikio hayajasikia kitu. Halafu inakuja sauti yenyewe, halafu harufu ya mafuta ya taa, na watoto wa jirani wanaruka kwenye majani wakiwa wameziba masikio na kupanua vinywa. Inapendeza, na anayesema haipendezi anajikaza. Wengi wa wanaozimiliki ni marubani wastaafu na mafundi waliotumia miaka yao ya uzeeni kukaza skrubu moja moja, na bila wao ndege hizi zingeozea mbugani. Hilo nalikubali. Tena hata sisi Waswahili tuna mkono wetu humo: ndege aina ya Strikemaster iliyotumikia Jeshi la Anga la Sultani wa Oman iliishia mikononi mwa raia huko Uingereza, ikasajiliwa G-SOAF, kifupi cha jeshi lile lile.

Kinachonitatiza ni vipimo vyenu vya hatari. Mwanangu alipozawadiwa droni, tulijifunza kwamba ikizidi gramu 250 sharti isajiliwe kwenu, na mrushaji, droni iwe nzito au nyepesi, afanye mtihani. Nikaona ni sawa, usalama kwanza. Shemeji yangu alipokuja kututembelea, kwenye uwanja mmoja alikobadilisha ndege alinyang'anywa achari ya embe kwa kosa la kuzidi mililita 100. Akaangalia chupa ikitupwa kwenye pipa. Achari ile ilipikwa na mama yake, haijawahi kuivamia nchi yoyote. Nikaona nayo ni sawa, ingawa tulikula wali mkavu. Ila tuliposimama roshani kesho yake, shemeji akaniuliza ile inayopita pale juu ni ya nani. Nikamwambia ni ya daktari wa meno. Akanyamaza, akarudi ndani kuangalia kama mizigo yake imo yote.

Kuna pia jambo la uzalendo. F-14 zenu, fahari ya manowari zenu, zilipostaafu mwaka 2006, serikali iliogopa vipuri vyake visije vikafika Iran, ambayo Shah wake aliuziwa ndege 79 enzi za urafiki. Basi, ukiacha zilizopelekwa makumbusho, nyingi zikatiwa kwenye mashine ya kusagia vyuma, na Bunge likapiga marufuku kuuza hata vipuri. Kwa hiyo Mmarekani anayeipenda nchi yake na akatamani ndege iliyoilinda anapata vipande vya bati. Anayetamani ndege iliyotengenezwa Urusi kwa ajili ya kumwangamiza yeye na jirani zake anapata cheti, namba ya usajili na mwaliko wa maonyesho.

Tena hiyo ndege ya Mrusi, baada ya kuinunua, haifanyi kile alichoinunulia. MiG-21 inaweza kwenda mara mbili ya kasi ya sauti. Nyinyi mnamwambia asizidi kilomita 463 kwa saa akiwa chini ya futi 10,000, na kupita kasi ya sauti juu ya nchi kavu mlimkataza raia mwaka 1973. Amenunua simba halafu akapewa ruhusa ya kumlisha mchicha. Mwanamume wa namna hiyo, Ndugu Mkurugenzi, akipewa dakika saba za kujionyesha mbele ya umati, tusimtegemee awe mpole.

Nilipotaka ufafanuzi niligeukia mahakama zenu, na huko ndiko nilikochanganyikiwa kabisa. Miaka ya 1990 Pepsi walitoa tangazo la kukusanya pointi: fulana kwa pointi kadhaa, koti la ngozi kwa pointi nyingi zaidi, na mwishoni kijana anatua shuleni na ndege ya kivita ya Harrier, pointi 7,000,000. Mwanafunzi mmoja, John Leonard, akaona kuwa pointi zinauzwa senti 10 kila moja. Akachangisha fedha, akatuma pointi 15 na hundi ya dola 700,008.50, akasubiri ndege yake, ambayo thamani yake ilikuwa dola milioni 23 hivi. Mwaka 1999 Jaji Kimba Wood wa New York akamkatalia. Sababu: mtu mwenye akili timamu angejua ule ni utani, kwa kuwa haiingii akilini kwamba raia apewe ndege ya kivita ya kwendea shule.

Hukumu nzuri. Naomba tu kujua kama kuna mtu aliwaletea nakala. Maana haikupita miaka kumi, Art Nalls, rubani mstaafu wa Marine Corps, akanunua Sea Harrier kutoka Uingereza, akaitengeneza, akairusha Maryland, akaizungusha maonyesho mpaka watoto wakaizoea. Pepsi hawakuhusika, wala hakukusanya pointi. Alikuja kwenu, mkampa cheti. Sasa nimwamini nani? Mahakama inasema raia kuwa na Harrier ni kichekesho. Ofisi yako inasema ni namba ya usajili. Kama sheria inapimwa kwa mtu mwenye akili timamu, mtu huyo yuko ghorofa ya pili, anaandika barua hii, na akili inaanza kumhama.

Sitasema mengi kuhusu wakubwa. Kampuni ya Draken ya Florida ilinunua Skyhawk zilizostaafu New Zealand na Mirage zilizostaafu Hispania, na jeshi lenu likailipa ili iigize adui mazoezini. Mmoja wa waanzilishi wake, Jared Isaacman, tajiri wa biashara ya malipo ya kadi, ana MiG-29 yake binafsi, na mwaka 2025 Seneti ikamthibitisha kuwa mkuu wa NASA. Nilikotoka mimi, mtu akikutwa na ndege ya kivita uani hathibitishwi cheo. Anahojiwa, na majirani wote wanahojiwa.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naleta ombi langu rasmi. Naomba mimi, mke wangu, watoto, na gari letu aina ya Corolla tusajiliwe katika kundi la majaribio, fungu la maonyesho, kwa masharti yale yale mnayompa mwenye MiG. Nasikia yeye huwaletea kila mwaka barua ya kutaja maonyesho atakayohudhuria. Mimi nitaleta yangu: mwezi Mei tuna harusi ya binti wa katibu wa jumuiya yetu, Julai wageni kutoka Tanga, Agosti arobaini ya mzee wetu mmoja, itakayosomwa uwanjani nyuma ya jengo, chini kabisa ya njia mnayowapangia marubani. Nitaomba siku hizo mnipe anga tupu kama mnavyompa yeye anapotaka kujigeuza kichwa chini. Nitaonyesha ubingwa wangu pia. Kwa aina hii ya nyumba nina uzoefu unaozidi saa 4.

Kuhusu viti vya kufyatuka, nimeshazungumza na mwenye nyumba. Anasema akiviweka itabidi apandishe kodi.

Nasubiri majibu.

Wako mtiifu,
Mpangaji, Ghorofa ya Pili

Nakala:
Mwenye nyumba: kwa utekelezaji, bila kupandisha kodi.
Kampuni ya bima ya gari: kwa kuwa fomu yenu ya madai ina visanduku vya mvua ya mawe, mti, kulungu na mwizi, na cha MiG hakipo.
Abiria wa kiti cha nyuma, maonyesho yajayo: kwa taarifa kwamba Corolla yetu huegeshwa upande wa mashariki, karibu na pipa la taka. Tafadhali avute mapema kidogo, au achelewe kidogo.