Andiko la Mradi na Ajali Zake

Andiko la mradi ni maombi ya fedha yanayoeleza tatizo lililopo mahali fulani, kazi itakayofanywa kulipunguza, watu watakaonufaika, muda utakaotumika na gharama zake. Kwa maelezo hayo ni jambo jepesi. Uzito wake huonekana pale tangazo la ruzuku linapoingia kwenye kundi la WhatsApp la asasi ya wilayani Jumatatu usiku, limeshazungushwa nchi nzima, na dirisha la maombi linafungwa Ijumaa.

Kitu cha kwanza kusomwa kwenye tangazo huwa ni kiwango cha juu cha fedha, na kwa wengi huwa pia cha mwisho. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia (GEF), ulioanza mwaka 1992 na kuendeshwa na UNDP, ulikuwa kwa miaka mingi na kikomo cha kawaida cha dola 50,000 kwa mradi. Haishangazi basi kwamba ufugaji nyuki, upandaji mikoko na majiko banifu, kazi zisizofanana hata kidogo, zote zina tabia ya kugharimu dola 49,990. Masharti mengine husomwa baada ya kukataliwa. Ruzuku ndogo za Ubalozi wa Japani kwa jamii, zijulikanazo kama Kusanone, hulipia majengo na vifaa, si mishahara wala umeme wa ofisi. Mfuko wa Balozi wa Marekani wa miradi ya kujitegemea umekuwa ukitaka wanajamii nao wachangie kitu. Umoja wa Ulaya mara nyingi hutaka kwanza dokezo fupi la mradi lenye idadi maalumu ya kurasa, na anayezidisha kurasa huwa amemwandikia nani, haijulikani.

Baada ya tangazo hutafutwa andiko la zamani. Kila asasi inalo, kwenye faili lenye jina kama «andiko mwisho kabisa 3», na asili yake haijulikani vizuri: liliwahi kushinda mahali, kwa asasi nyingine, mkoa mwingine. Kinachofanyika ni kubadilisha jina la mkoa kwa amri moja ya kompyuta. Andiko lililotoka Mara likipelekwa Singida kwa njia hiyo hufika likiwa na sura ya pekee. Watoto huugua Singida kwa Singida. Tatizo limeongezeka Singida mbili katika miaka mitano. Kamati ya maji itaundwa Singida baada ya mafunzo, ili kupunguza Singidadhi ya kuhara na kujenga jamii iliyo iSingida. Msomaji wa mfadhili, ambaye siku hiyo amesoma maandiko mengi na ana hamu ya kucheka, hulisoma hadi mwisho. Hiyo ndiyo faida yake pekee.

Sehemu ya tatizo ndiyo inayobeba andiko zima, na ndiyo huharibiwa mapema. Namna ya kawaida ya kuiharibu ni kuanzia mbali. Aya ya kwanza hueleza kuwa Tanzania iko Afrika Mashariki, kusini mwa Ikweta, na imepakana na nchi nane. Aya ya pili hutaja malengo ya maendeleo ya dunia. Kisha huja mkoa, wilaya, tarafa na kata, kila kimoja na eneo lake la kilomita za mraba, na kijiji chenye shida hufikiwa ukurasa wa sita wa dokezo lililopaswa kuwa na kurasa tano.

Namna nyingine imejificha zaidi: kuandika dawa mahali pa ugonjwa. «Tatizo la kijiji ni ukosefu wa kisima.» Sentensi hii ina kasoro moja kubwa, kwamba imeshaamua jibu kabla swali halijaulizwa. Msomaji hapewi nafasi ya kujua nani anaumia, kiasi gani, wala kwa nini kisima na si kukarabati bomba lililokufa. Anayeandika vizuri hufunga kompyuta kwanza akaenda kijijini. Huko atakuta wanawake wanaondoka saa kumi alfajiri na ndoo za lita 20 kwenda lambo ambalo ng'ombe huingia hadi tumboni. Atamsikia mama akisema kwamba kiangazi ndoo moja hununuliwa kwa bei ya nusu kilo ya unga. Muuguzi wa zahanati atamfungulia rejesta na kumwonyesha watoto wangapi walitibiwa kuhara mwezi wa kumi na wangapi mwezi wa tano. Na mtendaji wa kijiji atakumbuka, baada ya kukuna kichwa, kwamba pampu ya zamani ilikufa kwa kukosa kipuri na hapakuwa na mtu wa kuchangisha fedha za kukinunua. Kufikia hapo andiko limebadilika. Kumbe kijiji kiliwahi kuwa na kisima, na kilichokosekana ni kamati yenye daftari na akiba. Hakuna mtaalamu wa mjini ambaye angeweza kuyaotea hayo, na ndiyo yanayomfanya msomaji aache kusoma kwa kurukaruka.

Wapo wanaokwepa safari hiyo kwa kumkodi mtaalamu mwelekezi. Naye huandika kwa ufasaha: kujengeana uwezo, mtambuka, mabadiliko ya kimfumo, ushirikishwaji wa wadau. Malipo yake mara nyingi hukubaliwa kuwa asilimia ya ruzuku ikipatikana, mpango ambao wafadhili wengi hawautambui kuwa gharama halali, kwa hiyo asasi hushinda ikiwa tayari na deni lisilo na kasma. Kibaya zaidi ni siku ya ukaguzi kabla ya mkataba. Mgeni huuliza kwa upole: «Mwenyekiti, nadharia yenu ya mabadiliko ni ipi hasa?» Mwenyekiti humtazama katibu, katibu humtazama mhazini, na mhazini hukumbuka kwamba chai haijaletwa.

Baada ya tatizo huja jedwali la mantiki ya mradi. Lilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID, katika kazi iliyoongozwa na mshauri Leon Rosenberg. Miaka ya 1980 shirika la Ujerumani la GTZ likalifanyia toleo lake, ambamo washiriki hubandika kadi za rangi ukutani mpaka mchana. Lina safu nne za kushuka, kuanzia lengo kuu hadi shughuli, na nne za kwenda kando: maelezo, viashiria, vithibitisho na mategemeo. Safu ya viashiria hupata shida kwa sababu watu huhesabu wanachokifanya badala ya kinachobadilika. «Watu 30 wamepata mafunzo» ni hesabu ya viti vilivyokaliwa. Kiashiria ni kwamba, miezi sita baadaye, vijiji kadhaa kati ya vilivyofundishwa vina fedha za vipuri benki na pampu inatoa maji. Upande wa pili wako wanaoahidi kwamba asilimia 80 ya jamii itabadilika kimtazamo, na kwenye safu ya vithibitisho wakaandika: picha.

Safu ya mategemeo hudharauliwa, ilhali ndiyo ya kweli kuliko zote. Humo mna mvua zitanyesha kwa wakati, viongozi watatoa ushirikiano, shilingi haitashuka. Mtu akitaka kujua mradi utakwamia wapi, asome hapo.

Bajeti ni andiko lilelile kwa tarakimu, na mfadhili mzoefu huisoma kwanza. Maelezo yakisema washiriki 30, bajeti ikanunua chakula cha watu 35, nauli za watu 40 na kalamu 100, kinachosomeka si ukarimu. Mstari wa «mengineyo» huwa wa kwanza kufutwa. Bei zisizo na ankara kifani hutiliwa shaka, ziwe kubwa au ndogo. Mabishano makubwa, hata hivyo, huwa juu ya gari.

«Mwenyekiti, mafunzo yenyewe yanafanyika hapa hapa ofisini,» husema mhazini.

«Mama, mfadhili akija kukagua tutampakia kwenye bodaboda?»

«Atakuja na gari lake, Mwenyekiti. Wao wanayo.»

Gari huandikwa hata hivyo, chini ya kifungu cha vifaa vya kufundishia.

Wakati huohuo gharama halali huachwa kwa aibu. Ofisi ina kodi, umeme, mlinzi na karatasi, na wafadhili wengi wanalijua hilo. Umoja wa Ulaya kwa kawaida huruhusu hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja kwa ajili hiyo; serikali ya Marekani, kwa asasi isiyo na kiwango ilichokubaliana nayo, ilipandisha kikomo chake kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Asasi nyingi ndogo huacha sehemu hiyo wazi zikidhani kuomba kodi ya ofisi ni tamaa, kisha huificha kodi hiyohiyo ndani ya «ukumbi wa semina». Hapo ukweli uliokuwa na haki ya kulipwa hugeuzwa kuwa uongo wa kukaguliwa.

Viambatisho havihitaji kipaji, ila vinaangusha wengi kuliko hoja dhaifu. Hutakiwa cheti cha usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, katiba, namba ya mlipakodi (TIN), hesabu zilizokaguliwa na barua ya benki. Cheti halisi kiko kwenye mkoba wa katibu wa zamani, ambaye hakuondoka kwa amani. Katiba hupigwa picha kwa simu juu ya meza, kila ukurasa ukiwa na pindo la kitambaa cha maua, na ukurasa wa saba una kidole gumba cha mpiga picha juu ya kifungu cha uongozi. Muhuri uko kwa mwenyekiti, na mwenyekiti yuko msibani.

Anayeomba fedha za serikali ya Marekani hukutana na mlango mwingine, usajili wa SAM, mfumo wa serikali hiyo wa kuwasajili waombaji, ambako tangu Aprili 2022 hupewa namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12. Jina na anwani vinapaswa kufanana kabisa na nyaraka za asasi, na sanduku la posta halikubaliki kuwa anwani ya ofisi. Kwa nchi ambayo ofisi nyingi zilikuwa zikielekezwa kwa «nyuma ya soko, mkabala na mashine ya kusaga», hili lilikuwa jaribu. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliipa mitaa majina na nyumba namba, ingawa vyeti vilivyochapwa kabla yake vilibaki na sanduku la posta. Usajili huo huweza kuchukua wiki kadhaa. Tangazo la Jumatatu haliusubiri.

Saa nayo ina ajali zake. Mwisho wa kupokea maombi ukiwa 12:00 kwa saa za Brussels, Dar es Salaam ni saa nane mchana majira ya baridi ya kule na saa saba mchana majira ya joto. Katibu aliyeisoma 12:00 kuwa saa kumi na mbili jioni huenda kula ugali kwa utulivu, hurudi saa tisa, na hukuta kitufe cha kutuma kimegeuka kijivu. Saa kumi na moja jioni ya Washington ni usiku wa manane kwa Afrika Mashariki au saa moja baada ya hapo, kutegemea msimu, na hiyo huwapa waandishi jioni nzima ya ziada. Huitumia kubadilisha rangi za jedwali. Umeme hukatika saa tano na nusu.

Andiko lililofika hujibiwa, au halijibiwi. Barua ya kukataa huwa na adabu: maombi yalikuwa mengi na ushindani mkali. Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba fedha zilishapangiwa wenyewe. Wachache huandika tena kuomba maoni ya wasomaji na alama walizopata kila sehemu. Si wafadhili wote hutoa, ila wanaotoa husema jambo la maana, kwa mfano kwamba tatizo lilieleweka lakini bajeti ilikuwa ya mradi mwingine. Wakati mwingine kasoro haikuwa ya andiko. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi iliyoandikwa vizuri, ikasainiwa na hata kuanza, ilikatizwa pamoja na ile ya ovyo.

Ruzuku ikipatikana, uandishi haukomi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zinataka asasi itangaze hadharani fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Mfadhili hutaka risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi (EFD) kwa kila malipo, na dereva wa bodaboda aliyempeleka afisa mradi bondeni hana mashine hiyo, wala hana mahali pa kuifunga. Fedha za awamu ya kwanza, zilizotarajiwa kabla ya masika, huingia akaunti masika yakiwa yamekwishakata barabara ya kijijini, na hivyo asasi huomba kuongezewa miezi mitatu bila fedha za ziada. Ombi hilo nalo lina fomu, na fomu ina nafasi ya kueleza ni tegemeo gani la mradi halikutimia.