Kifaru cha Mchina, Risasi za Kuombea Dua

Kupigwa sina neno nako. Aliyeingia vitani, hata kama vita yenyewe iko kwenye kioo cha kompyuta, asitegemee kubembelezwa. Linalonikera ni zamu yangu ya kupiga. Napima, nabana pumzi, nabonyeza, na kombora langu linamgusa adui kwa adabu zote, kama mkwe anayebisha hodi ukweni, kisha linaanguka chini. Kioo kinaniandikia: halikupenya. Adui anageuza mzinga wake taratibu, hana haraka, kwa sababu ameshaona nimepanda nini. Nimepanda kifaru cha Kichina.

Jina la gemu sitalitaja. Watengenezaji wake nawahisi wana mawakili wengi kuliko wapima risasi.

Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyeniingiza kwenye balaa hili, ana ushauri mmoja tu. "Anko, hamia kwa Wajerumani. Chukua Leopard, uache kugombana na ukuta." Vijana wa siku hizi wanahama upande kirahisi hivyo, wiki hii Mjerumani, wiki ijayo Mmarekani, mradi ashinde. Mimi siwezi. Type 59 ni kifaru ambacho jeshi letu lilikwenda nacho Kagera mwaka 1978, na kikavuka mpaka hadi vita ilipokwisha mwaka 1979. Leo nikiache eti kwa sababu kijana mmoja ofisini kwake kaamua kombora lake lipenye kidogo? Halafu nikifika kijiweni niwaambie nini wazee?

Tena kifaru chenyewe si cha kudharauliwa. Ni T-54A ya Kisovieti iliyoundwa China kwa ruhusa ya wenyewe, tani 36, mzinga wa milimita 100, makombora 34 ndani, na jamaa mmoja wa kuyapakia kwa mikono yake. Lango la Ikulu ya Saigon tarehe 30 Aprili 1975 liliangushwa na kifaru namba 390, na hicho namba 390 kilikuwa Type 59. Katika gemu, Type 59 yangu inakwama kwenye ua wa miti.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana nimeshaitwa mbishi na watu wa nyumbani kwangu. Simaanishi kwamba kila risasi ya Mchina ilikuwa dawa. Moscow na Beijing walipokosana, wataalamu wa Kisovieti walifungasha virago mwaka 1960 wakarudi kwao, na Wachina wakabaki kujitafutia. Makombora yao ya miaka ile yalibaki nyuma, hilo halina ubishi. Nipe Type 59 ya mwaka 1960 na kombora la mwaka 1960, niweke mbele ya kifaru cha mwaka 1960, nikifa nitakufa nimenyamaza. Uhalisia naupenda.

Lakini hawafanyi hivyo. Wananipa kombora la mwaka 1960 halafu wananipanga na vifaru vya miaka ya themanini. Ukiuliza kwa nini kombora langu dhaifu, jibu ni kwamba wanafuata historia. Ukiuliza basi kwa nini adui yangu ametoka miaka ishirini mbele, jibu ni kwamba wanatafuta uwiano wa mchezo. Historia ni ya kuninyima, uwiano ni wa kunipangia kipigo. Siku nikidai changu kwa kutumia historia, wananijibu kwa uwiano. Nikidai kwa uwiano, wananifungulia kitabu cha historia. Nimewahi kukutana na karani wa namna hii katika ofisi ambayo nayo sitaitaja.

Chukua habari ya mzinga wa milimita 105. Wahungaria walipoasi mwaka 1956, kifaru kimoja cha T-54 kilifikishwa kwenye ubalozi wa Uingereza mjini Budapest, na Waingereza wakapata nafasi ya kukikagua. Walichokiona kiliwatia tumbo joto, na mzinga wao mpya, L7 wa milimita 105, ukaja kuwa jibu lao. Miaka ikapita, Wachina wakaja kuuiga mzinga wa aina hiyo na kuufunga juu ya Type 59-II, yaani juu ya mtoto wa T-54 ile ile iliyoogopwa. Mzinga uliobuniwa kumuua baba umepandishwa begani kwa mwana! Na kwa mzinga huo Wachina walitengeneza makombora ya mshale, kizazi baada ya kizazi, kila kimoja kikali kuliko kilichotangulia. Gemu langu limenipa cha kwanza. Vilivyofuata vitakuja "siku zijazo". Nimeshanunua bando la kupakulia masasisho ya siku zijazo mpaka mama watoto ameanza kuuliza maswali.

"Baba Salma," aliniambia, "hao Wachina wa kwenye kompyuta wanakulipa?"

Nikamweleza habari ya mto Ussuri. Machi 1969, Wachina na Wasovieti walipigana kwenye kisiwa cha Zhenbao, na T-62 moja ya Kisovieti ikazama mtoni kwenye barafu. Wachina waliiopoa, wakaichunguza, na leo iko makumbusho mjini Beijing. Mzinga wake ulikuwa laini ndani, bila mifereji, na unarusha mishale yenye mapezi. Watu waliingia kwenye maji ya barafu, mbele ya midomo ya mizinga, ili wajue risasi ya jirani inafanyaje kazi. Watengenezaji wa gemu wanashindwa kufungua kitabu wakiwa wamekaa kwenye kiti cha kuzunguka na kahawa mkononi. Mama watoto alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nimenunua mkaa.

Ukipanda ngazi ukafika kwenye vifaru vikubwa, Type 96 na Type 99 vyenye mzinga wa milimita 125, ndipo hasira inapokomaa. Humo risasi hupakiwa na mashine: kombora mbali, baruti mbali, vyote vimepangwa kwenye sinia la duara chini ya miguu ya askari. Kwa kweli mshale ukiwa mrefu sana hautoshei kwenye sinia, na sinia likiguswa na moto, askari wote watatu hawana salama. Haya watengenezaji wameyakumbuka yote, neno kwa neno. Walichosahau ni kwamba mashine haichoki, haitoki jasho, na haihitaji mtu wa nne. Kwenye gemu, mpakiaji wa Leopard ni binadamu na anakuwa mwepesi kadiri anavyozoea kazi. Mashine yangu haizoei chochote.

Na mshale wenyewe umetengenezwa kwa tungsteni, madini ambayo kwa ujazo ule ule ni mazito karibu mara mbili na nusu kuliko chuma. China inachimba tungsteni kuzidi nchi zote nyingine zikijumlishwa. Hata majirani zetu Rwanda wanachimba. Sasa nchi yenye mlima wa tungsteni itengeneze mshale, iurushe kwa kasi ya karibu mita 1,700 kwa sekunde, halafu ukifika kwa adui ukwaruze rangi tu?

Wapo waliochoka kuliko mimi. Wachezaji wa War Thunder walifika mahali pa kubandika hadharani nyaraka za kijeshi ili kushinda ubishi: mwaka 2021 zilikuwa za kifaru cha Uingereza, Challenger 2, kisha Leclerc ya Ufaransa, na mwaka 2022 ikawa zamu ya kombora la Kichina la milimita 125, DTC10-125. Wasimamizi walizifuta. Mimi sina siri ya jeshi lolote, na ningekuwa nayo nisingekwenda jela kwa ajili ya milimita chache za kupenya. Ila yule bwana wa mwaka 2022 namwelewa kabisa. Nadhani naye alikuwa amegonga hodi muda mrefu.

Ninachodai ni kidogo. Mwaka wa kifaru, mwaka wa kombora na mwaka wa adui vilingane. Kama hamtaki historia, semeni hatutaki, mtupe wote makombora sawa na tupigane. Na kombora zuri likishatengenezwa, lisifichwe nyuma ya malipo ya dola. Mpaka hapo, senti yangu hawaioni. Nawe msomaji, ukiwa humo ndani ya Leopard yako ukaona Type 59 imejibanza nyuma ya ghala, tafadhali pita. Tafuta mwingine.