Hila Sita za Kuukamata Msimbo wa Kipandikizi

Sogea karibu, tuongee taratibu. Faili liko mezani, foleni ni ndefu, na msimamizi anahesabu mafaili uliyomaliza. Mgonjwa aliwekewa konea, sasa jicho linasumbua, na daktari ameandika maneno matatu tu: "Kipandikizi kina matatizo." Hospitali iko Marekani, kwa hiyo unatumia ICD-10-CM, mfumo wa misimbo ya magonjwa unaotumika huko tangu tarehe 1 Oktoba 2015, na kundi lako ni T86, la matatizo ya vipandikizi. Nitakufundisha kudanganya, ila kwa sharti moja: tunaoudanganya ni uvivu wako na kiburi cha daktari. Mgonjwa na bima hawaguswi.

1. Kariri mikia tu. Misimbo ni mingi, kichwa ni kimoja. Kwa ngozi (T86.82), mfupa (T86.83) na konea (T86.84), tarakimu inayofuata husema tatizo ni lipi: 0 mwili umekikataa kipandikizi, 1 kimefeli, 2 kimeambukizwa, 8 tatizo jingine, 9 halikutajwa. Figo lina mkia wake: T86.11 ni kukataliwa, T86.12 kufeli, T86.13 maambukizi, na T86.10 ndilo lisilotajwa. Iandike kwenye kikaratasi ukibandike pembeni mwa kompyuta. Kabla ya kuingiza msimbo, uhakiki kwenye orodha kamili. Ni dakika moja tu, usiionee uchungu.

2. Ikimbie 9. Najua inavyovutia: unaiandika, faili linapita, unaenda kunywa chai. Lakini kukataliwa kwa konea hutibiwa kwa steroidi, maambukizi kwa dawa za kuua vijidudu, na steroidi pekee kwenye jicho lenye maambukizi zinaweza kulimaliza. Haya ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Ukiyafunika yote kwa 9, hospitali itakapotaka kujua kwa nini konea zake zinaharibika, haitapata jibu, na mgonjwa wa kesho ndiye atakayelipia chai yako.

3. Jicho lipi? Tangu tarehe 1 Oktoba 2020 misimbo ya konea inadai upande. Kukataliwa kwenye jicho la kulia ni T86.8401, la kushoto T86.8402, yote mawili T86.8403. Daktari hakuandika? Usimsumbue bado. Mwongozo rasmi unaruhusu upande uchukuliwe kwenye maandishi ya wahudumu wengine wa afya, basi fungua maelezo ya muuguzi aliyempokea mgonjwa. Mara nyingi jibu liko hapo. Hii ndiyo njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote: ni halali, na hakuna anayeitumia vya kutosha.

4. Usijivike koti jeupe. Umeona matone ya steroidi kila saa, na moyo unakuambia, "Hii imekataliwa." Huenda uko sahihi, na ndiyo maana ni hatari: ukipatia mara moja, kesho utajiona bingwa. Dawa haitoshi kukupa utambuzi wa ugonjwa. Anayeutaja ni daktari, na asipoutaja, nenda hila ya tano.

5. Mtege daktari kwa sifa zake. Hapendi kuambiwa ameandika vibaya, lakini kuulizwa maoni yake anakupenda. Kwa hiyo mwandikie hivi: "Daktari, faili linaonyesha kuwa konea ya kushoto imepata ukungu na umeanzisha matone ya steroidi. Kwa utaalamu wako, hali hii ni: kukataliwa, kufeli, maambukizi, nyingine, tafadhali taja, au haiwezi kubainika kwa sasa?" Atajibu kati ya mgonjwa na mgonjwa, bila kuhisi amekosolewa. Lakini sikiliza: usimwelekeze kwenye jibu unalolitaka wewe, na malipo ya bima usiyataje hata kwa fumbo. Ukifanya hivyo umevuka mpaka, na hapo mimi na wewe hatujuani.

6. Jua wakati wa kunyamaza na wakati wa kuongeza. Kipandikizi kizima kina msimbo wake, Z94.7 kwa konea, Z94.0 kwa figo. Usiuweke pamoja na T86 kwa kiungo kilekile, maana utakuwa unasema ni kizima na kibovu kwa wakati mmoja. Aliyepandikizwa figo akawa na ugonjwa sugu wa figo si lazima awe na tatizo la kipandikizi. Daktari asipovihusisha, andika Z94.0 na N18 ya hatua aliyofikia. Lakini tatizo la kipandikizi likithibitishwa, T86 pekee haitoshi. Ongeza msimbo wa pili unaosema ni tatizo gani hasa. Kama ni maambukizi, taja maambukizi yapi.

Ukimaliza, tuma. Daktari akisema, "Unaona, niliandika vizuri," mkubalie kwa moyo mweupe. Sifa hizo mpe, zitamfanya aandike vizuri zaidi wiki ijayo. Wewe chukua kilicho chako: faili lisilorudishwa, bima isiyo na swali, na mgonjwa ambaye kila atakayelifungua faili lake atajua ni jicho lipi, na linaumwa nini.