Mhadhara wa Kuvuka Jangwa la Mwadui kwa Gari-Nyumba

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana, nanyi vijana mliofuata soda: kaeni. Anayesimama mbele yenu ni Mtaalamu Mkuu wa Majangwa, Kanda ya Ziwa. Cheo hiki nilikigombea peke yangu na nikashinda kwa kishindo.

Leo nafundisha namna ya kusafiri kutwa nzima jangwani, kutoka Mwadui hadi Tinde, ndani ya gari-nyumba. Najua mabasi hupita njia hiyo kila siku. Kupita si kuvuka. Kuvuka kunataka maandalizi, na hofu kidogo.

Kwanza, chombo. Wazungu wana magari yenye kitanda, jiko na choo. Mimi ninayo Hiace iliyong'olewa viti, ikatandikwa godoro, ikapewa mtungi mdogo wa gesi, karai na mapazia ya zambarau. Heshima yake haina mfano. Nilipokatiza Maganzo kwa mwendo wa taratibu, wanaume walivua kofia na bodaboda zikasimama. Mama mmoja muuza nyanya alisogea dirishani akasema, "Pole sana baba, Mungu amlaze mahali pema," akanitilia shilingi elfu mbili mkononi. Nilizipokea kama ada ya utaalamu.

Pili, mandhari. Mwadui kwenyewe mtaona vilima vya mchanga mtupu. Wachimbaji watawaambia eti ni udongo uliochujwa almasi tangu Mkanada John Williamson alipoanzisha mgodi mwaka 1940. Watawatajia mwamba wa hekta 146, na ile almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana mwaka 1947, akazawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Wasikilizeni kwa adabu. Mtu aliyezoea kutazama chini hawezi kujua tuta la jangwa likiwa mbele yake.

Tatu, hali ya hewa. Watu wa vipimo husema jangwa hupata mvua isiyozidi milimita 250 kwa mwaka, ilhali Shinyanga hupata 600 na zaidi. Hoja hiyo nimeichunguza na kuitupa. Mvua za huku hunyesha kati ya Novemba na Mei. Mimi husafiri Agosti. Siwezi kuwajibika kwa miezi ambayo sikuwepo.

Nne, maji. Nilibeba madumu ya kutosha kuwaokoa wenyeji. Karibu na Shinyanga mjini nikakuta foleni ya kina mama, nikashuka, nikafungua dumu na kutangaza wokovu. Kumbe wako kioskini wanachota maji ya bomba. Binti mmoja akanionea huruma, akaniuliza, "Shikamoo baba, tukujazie?" Wanadai maji hayo yanavutwa kutoka Ziwa Victoria, huko Ihelele, hadi Shinyanga na Kahama. Kiu ya jangwani humfanya mtu aamini mengi.

Tano, hatari za usiku. Jua lilinizamia kabla ya Tinde, nikaegesha kwenye majani marefu chini ya migunga. Nasonga ugali, mara wakanizunguka wanaume wenye pinde na filimbi. Walijiita sungusungu. "Mwadila, baba," wakanisalimu. "Hapa ni ngitili. Bado imefungwa, hata ng'ombe wetu hawajaingia." Nikawafafanulia kwamba, kisayansi, miti hiyo haipo. Mzee wao akauegemea mmojawapo, akafikiri, akapandisha faini.

Na hapo, mabibi na mabwana, ndipo penye msiba halisi. Vizazi vilivyotutangulia vilijitahidi. Walifyeka misitu kuwafukuza mbung'o, wakaongeza mashamba ya pamba, wakakata kuni, wakajaza mifugo. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikitajwa kila mahali kuwa inageuka jangwa. Fani yangu ilikuwa na mustakabali! Mwaka 1986 ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na badala ya kuleta dawa mpya kutoka ng'ambo, ukawasikiliza wakulima na wafugaji. Wazee wakafufua ngitili, desturi yao ya kuacha eneo lipumzike wakati wa mvua ili kiangazi mifugo ipate malisho. Dagashida, baraza lao la jadi, likasimamia, mkaidi akatozwa. Laki kadhaa za hekta zikarudi kuwa kijani.

Leo ng'ombe wanapata malisho kiangazi, kuni ziko karibu, asali inarinwa. Je, kuna aliyeuliza mtaalamu wa majangwa atakula wapi? Warsha huitishwa penye janga. Nchi ikijiponya kwa maarifa ya bibi na babu, nani atasaini fomu ya posho?

Kwa hiyo naomba mkutano huu upitishe azimio: mti wowote utakaoonekana kutoka dirishani mwa Hiace yangu uhesabiwe kuwa ni dhana, mpaka utafiti wangu upate mfadhili.

Mhadhara ujao utahusu kuvuka Jangwa la Geita. Njooni na madumu yenu. Wapo wanaosema Geita imepakana na ziwa kubwa kuliko yote Afrika, lenye mawimbi, mitumbwi na sangara. Nimelitazama kwa macho yangu, kutwa nzima, nikiwa nimelowa hadi magotini. Ni mazigazi.