Laini ya Mama

Wahenga waliosema tembo wakipigana nyasi ndizo huumia hawakuviona vita vya bei. Humo nyasi huomba tembo wasichoke.

Mwaka 2010, pale Singida mjini, nami nilikuwa nyasi. Kampuni za simu zilikuwa zimekunjana mashati: huyu kashusha, yule kashusha zaidi. Ukuta wa duka la Mangi mtaani kwetu ulipakwa rangi za Celtel, ukapakwa za Zain, na Novemba hiyo Zain ilipogeuka Airtel ukapakwa tena. Mangi hakununua hata kopo moja la rangi.

Tatizo ni kwamba bei ya chee ilikuwa ya ndani ya mtandao. Ukipiga mtandao mwingine, salio linayeyuka kabla hujaitikiwa shikamoo. Mama alikuwa Kiomboi, kwenye mtandao usio wangu. Nikanunua laini ya mtandao wake, yangu nikaiviringisha kwenye karatasi ya vocha, nikaitia kwenye pochi. Nikampigia. Hapatikani. Siku tatu, hapatikani.

Siku ya nne shangazi akafika na gari la alizeti: "We mtoto, simu umezima ya nini? Mama yako hali wala halali!"

Kumbe Mama naye, kwa kunionea huruma, alinunua laini ya mtandao wangu. Ya zamani ilikuwa chini ya godoro.

Vita vya bei hasa ni mmoja akishusha, mwenzake asiwe na pa kukimbilia ila kushusha pia. Kenya waliviona Agosti mwaka huohuo: Zain ilitoka shilingi 6 kwa dakika hadi 3, Safaricom ikafuata. Lakini mdhibiti alikuwa ameshalegeza ua, kwa kupunguza tozo ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kupokea simu zake, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21. Kwetu mdhibiti, TCRA, aliishusha tozo hiyo hadi shilingi 34.92 kuanzia Machi 2013. Kabla ya hapo tulikuwa mbuzi wa kugombewa: ndani ya boma majani tele, ila mlango una kufuli.

Lakini mwaka ule wa laini mbili, nilikwenda Kiomboi kumweleza Mama habari za vita hivyo. Alinisikiliza huku akigeuza kuku jikoni, kisha akauliza:

"Kwa hiyo baba, umenunua laini, nami nimenunua laini, na nauli umelipa, ili uje kuniambia simu zimeshuka bei?"