Posta ya Sebuleni

Watu wa umri wangu wana ugonjwa wa kusifia barua. Barua ilikuwa na utu, wanasema, barua ilikuwa na siri. Siri! Hao walikulia mjini, kwenye nyumba zenye sanduku lao na ufunguo wao. Sisi wa kijijini posta yetu ilikuwa sebuleni kwa Mwalimu Mkuu, juu ya kabati la vyombo, na hakuna siri iliyoingia mle ikatoka salama.

Vijana hawajui, niwaeleze. Nchi hii haikuwa na desturi ya tarishi kupita nyumba kwa nyumba. Barua ilikwenda kwenye S.L.P. mjini, na sanduku hulipiwa kila mwaka. Mkulima wa mahindi alipie sanduku apate barua mbili, moja ya mwaliko wa harusi na nyingine ya kuombwa hela? Kwa hiyo kijiji kizima tulijibanza kwenye sanduku la shule, na wengine kwenye la parokia. Mwalimu Mkuu akienda wilayani kufuata mishahara, anarudi na furushi la barua za watu wote. Hapo ndipo utawala ulipoanzia.

Utawala haukuwa wake, ulikuwa wa mkewe. Mama Mkuu hakuwa akifungua bahasha za watu, hakuwa na haja. Mhuri ulimwambia barua imetoka wapi, mwandiko ulimwambia ni ya mwanamke, akiiinua kidogo dirishani anajua kama mna picha.

"Shikamoo mama, nimekuja kuulizia barua."

"Marahaba mwanangu, keti kwanza. Yule wa Tanga hajambo?"

Nani kamwambia kuna wa Tanga? Na huondoki hivi hivi. Kuna kuni hazijapasuliwa, kuna mbuzi wa kuhamishwa kivulini. Stempu alishalipa mtumaji, lakini mpokeaji naye alilipa, kwa shoka.

Barua za wazazi ziliitwa mstarini asubuhi, akakabidhiwa mtoto, zikapita mtoni na uwanja wa mpira kabla ya kufika nyumbani. Hizo ndizo zilizokuwa na bahati. Baba yangu mdogo aliwahi kuitwa kwenye usaili wa kazi, barua ikateleza ikaingia chini ya sahani za wageni. Wageni wenyewe hawakuja mpaka Pasaka.

Wala si sisi tu: India, nchi yenye ofisi nyingi za posta kuliko nyingine yoyote duniani, posta nyingi za vijijini nazo zimo majumbani mwa watu. Mhudumu wa posta kama hiyo, anayeitwa Gramin Dak Sevak, hutakiwa atafute mwenyewe mahali pa kuiweka, na mara nyingi ni chumba nyumbani kwake. Anafanya kazi kwa muda wa saa nne au tano tu kwa siku, na masharti yanamtaka awe na njia nyingine ya riziki. Hapo nawavulia kofia: serikali imesema wazi kwamba hela yake haitoshi. Lakini yule ana mhuri, ana daftari, na mkaguzi anakuja. Mama Mkuu alikaguliwa na nani?

Basi mwaka 2022, kabla ya sensa, hapa kwetu ikaja operesheni ya anwani za makazi. Barabara yetu ikapewa jina, nyumba yangu ikapata namba. Nikasema sasa nami ni mtu mwenye mahali pake. Kibao kipo mpaka leo, kinang'aa, wala sijaletewa hata bahasha ya kaki. Namba imekuja watu wakiwa wameshaacha kuandika.

Pesa za simu zilizoingia nchini mwaka 2008 nazo nilizipokea kwa shangwe. Hela inatoka Dar es Salaam, inaingia mfukoni mwangu, Mama Mkuu hajui. Lakini lazima utoe. Na wakala wetu ni nani? Mkwe wa Mama Mkuu, meza yake ipo barazani, nyumba ile ile. Tena huyu ana sauti.

"Laki moja na nusu! Shemeji, kijana kakukumbuka! Ila floti sina, pitia jioni."

Mpaka jioni tayari nina wageni. Mmoja ana mtoto mgonjwa, mmoja ana deni la mbolea, mmoja kaja kunijulia hali tu, na huyo ndiye wa kuogopwa zaidi. Hata vifurushi vya basi bodaboda hawaleti kwenye namba yangu, wanaviacha barazani pale pale, vikafinywafinywe kwanza kujua ni viatu au nguo.

Nyie watoto wetu mlioko mijini, nawaombeni. Msiache kutuma, ila tumeni elfu kumi kumi, kiasi ambacho kikitangazwa barazani hakuna atakayeona sababu ya kuja kunisalimia.